Kitanda Siyo Dawa: Nani Aligundua Maisha Baada ya Kiharusi?

Mzee akirudi nyumbani kutoka hospitali baada ya kiharusi, kuna sentensi moja utaisikia kwa kila shangazi, awe Muscat, Leicester au Minneapolis: "Mwacheni apumzike." Mito inapangwa, uji unaletwa, mtu analishwa kwa kijiko, hata rimoti ya TV anashikiwa. Ni mapenzi hayo, hakuna anayebisha. Lakini ukifuatilia historia unakuta kwamba huruma ya namna hiyo iliwalaza watu kitandani miaka na miaka, mpaka walipotokea wachache waliouliza swali jepesi: hivi, akiinuka itakuwaje?

Kwenye podikasti huwa tunaongea sana kuhusu presha, chumvi, na umuhimu wa kuita ambulensi haraka. Leo tuingie sehemu isiyozungumzwa sana, yaani baada ya hapo. Wiki ya tatu. Mwezi wa nane. Mwaka wa tano. Sehemu kubwa ya historia hii ilitokea Uingereza, ila ikifika mwisho mtaona imeingia mpaka sebuleni kwetu.

Kwanza tuelewane kwa maneno. Kiharusi ni pale damu inaposhindwa kufika sehemu fulani ya ubongo, ama kwa sababu mshipa umeziba, ama umepasuka. Sehemu ile ikikosa damu, seli zake zinakufa, na kazi iliyokuwa inafanyika pale inavurugika: kusogeza mkono, kutamka, kumeza, kuona upande mmoja. Nyumbani wengi wanasema "kupooza", lakini kupooza ni matokeo, na si kila aliyepata kiharusi hupooza. Neno lingine la leo ni utengamao. Tanzania wanalitumia kwa ile kazi yote ya kumrudisha mtu kwenye maisha yake: mazoezi ya viungo, kujifunza upya kuvaa na kupika, mazoezi ya kuongea, na mambo ya moyoni pia.

Wodi ya watu 714

Hadithi yetu inaanzia Isleworth, magharibi mwa London, sio mbali na pale ndege za Heathrow zinapopita leo. Mwaka 1935 hospitali ya West Middlesex ilikabidhiwa jengo la jirani lililokuwa hospitali ya nyumba ya maskini. Nyumba za maskini zilikuwa mahali pa mwisho pa mtu asiye na pesa wala wa kumtunza. Ndani yake walikuwemo watu 714, wengi wao wazee, na wengi walikuwa hawatoki kitandani. Waliopata kiharusi walikuwa humo humo, wamechanganywa na wenye magonjwa mengine. Waliitwa "wagonjwa sugu", na ukishapewa jina hilo, hakuna daktari aliyerudi kukuuliza unaendeleaje.

Aliyepewa kazi ya kuwaangalia alikuwa Dkt. Marjory Warren, mwanamke aliyezaliwa 1897 na aliyekuwa amefanya kazi ya upasuaji. Angeweza kupita, kuandika ripoti, na kuondoka. Badala yake alimpima kila mmoja. Akagundua jambo la kusikitisha: wengi hawakuwa kitandani kwa sababu hawawezi kuinuka. Walikuwa hawawezi kuinuka kwa sababu wamekaa kitandani. Misuli ilikuwa imesinyaa, viungo vimekakamaa, vidonda vya kulalia vimetoka, na moyo wa kujaribu umekufa.

Alichofanya hakikuwa cha ajabu. Kuta zikapakwa rangi ya kung'aa, taa zikaongezwa. Vyuma vya kushikilia vikawekwa ukutani. Wagonjwa wakavalishwa, wakakalishwa kwenye viti, wakasimamishwa, wakafundishwa kutembea. Waliopooza upande mmoja walipangiwa mazoezi ya hatua kwa hatua. Baada ya muda, vitanda 714 vilipungua hadi 240 hivi, kwa sababu watu walipona vya kutosha kurudi makwao au kuhamia sehemu zinazowafaa zaidi.

Mwaka 1943, katikati ya vita, Warren alichapisha makala kwenye British Medical Journal akitaka wazee wagonjwa watibiwe kwenye hospitali za kawaida, kwa uchunguzi kamili, kama mtu mwingine yeyote. Mwaka 1947 alikuwa kati ya waliounda chama cha madaktari wa wazee Uingereza. Mwaka huo huo daktari mwingine wa London, Richard Asher, aliandika makala maarufu kuhusu hatari za kulala kitandani. (Ndiyo, ni baba yake Jane Asher, yule mpenzi wa zamani wa Paul McCartney.) NHS ilipoanza tarehe 5 Julai 1948, wazo la kwamba kitanda chenyewe kinaweza kuumiza lilikuwa tayari limeshasemwa kwa sauti.

Upande uliosahauliwa

Wakati huo huo, mkimbizi wa Kiyahudi kutoka Berlin, Berta Bobath, alikuwa London akifanya kazi na watu waliopooza upande mmoja. Mmoja wao alikuwa mchoraji wa picha za watu mashuhuri, Simon Elwes. Kawaida ya wakati ule ilikuwa kumfundisha mgonjwa kutumia upande mzima na kuuacha ule mwingine. Bobath alibisha. Aliushughulikia upande uliodhoofika wenyewe, akiushika, akiunyoosha, akiuongoza. Yeye na mumewe, Karel, walijenga njia ya tiba iliyosambaa duniani, na ukiongea na mtaalamu wa viungo popote atakuwa ameisoma.

Si kila walichosema kimethibitika, na wataalamu bado wanabishana. Lakini swali lao liliendelea. Mwanasaikolojia wa Marekani, Edward Taub, aliligeuza: je, tukiuzuia mkono mzima, ule dhaifu hautalazimika kufanya kazi? Utafiti mkubwa wa njia hiyo ulichapishwa Marekani mwaka 2006. Watu 222 waliopata kiharusi kati ya miezi 3 na 9 iliyopita walishiriki. Waliopewa tiba hiyo walivaa glavu nzito kwenye mkono mzima kwa wiki mbili, huku wakiufanyisha mazoezi ule dhaifu. Mikono yao iliimarika kuliko ya wale waliopata huduma ya kawaida. Kwa hiyo ile kauli ya "miezi mitatu imepita, kilichobaki ni kuzoea" si ya kweli. Mwanzoni maendeleo huwa ya haraka zaidi, ndiyo, lakini mlango haufungwi.

Jirani asiye daktari

Sasa tufike kwa Roald Dahl. Wengi wetu tumekua na Matilda na The BFG. Wachache wanajua kwamba nyumbani kwake Great Missenden, Buckinghamshire, ndiko kulikotokea moja ya sura muhimu za hadithi hii.

Mkewe alikuwa Patricia Neal, mwigizaji wa Marekani aliyepata Oscar kwa filamu ya Hud. Februari 1965, akiwa na miaka 39 na tena mjamzito, damu ilivuja kwenye ubongo wake huko Los Angeles. Alifanyiwa upasuaji, akakaa wiki kadhaa bila fahamu. Alipoamka, upande wa kulia ulikuwa umepooza na maneno yamepotea. Agosti mwaka huo alijifungua mtoto wa kike salama.

Waliporudi Uingereza, Dahl aliona kwamba muda wa tiba rasmi hautoshi, na kwamba mkewe akiachwa anakodoa macho dirishani atazama kabisa. Akawaita majirani. Wakapangiana zamu: huyu anakuja kusoma naye, yule kucheza naye karata, mwingine mafumbo ya maneno, kila siku, saa baada ya saa. Dahl alikuwa mkali. Neal akitaka kitu, sharti akitaje jina. Mwenyewe baadaye hakuficha kwamba alimkasirikia sana mumewe kwa ukali ule, na papo hapo akakiri kwamba ulimrudisha kwenye maisha. Mwaka 1968 aliigiza tena kwenye filamu ya The Subject Was Roses, na akateuliwa kuwania Oscar nyingine.

Ila shujaa wangu katika hadithi hii si Dahl. Ni jirani mmoja aliyeitwa Valerie Eaton Griffith. Hakuwa daktari wala nesi. Alikuwa amewahi kusimamia saluni ya urembo London. Alianza kwa kumsaidia Neal, akaona kumbe ana kipaji: anajua kusubiri. Anajua kumpa mtu nafasi ya kutafuta neno bila kumkimbiza na bila kummalizia sentensi.

Baadaye alifanya kazi pia na Alan Moorehead, na hapa ndipo inapotugusa kwa mara ya kwanza. Moorehead ndiye mwandishi wa The White Nile, kitabu cha 1960 kinachoanzia Zanzibar mwaka 1856, Burton na Speke wakijiandaa kwenda bara. Desemba 1966 alipata kiharusi. Mtu aliyeishi kwa maneno akaachwa karibu bila maneno. Alisaidiwa, akapata nafuu kidogo, lakini hakurudi tena kuwa mwandishi yule. Kitabu chake cha mwisho kilikamilishwa kwa kazi ya mkewe, Lucy, kutokana na maandishi yaliyokuwepo. Aliishi hivyo mpaka 1983.

Hebu tusimame hapo kidogo. Hadithi ya Neal inapendwa kwa sababu inaishia kwenye zulia jekundu. Ya Moorehead haiishii hivyo, na ndiyo inayofanana na ya familia nyingi. Je, kumtembelea kulikuwa kazi bure? Eaton Griffith aliona sivyo. Mtu asiyepona kabisa bado anahitaji kuongea, kucheka, kushinda mchezo wa karata, kuulizwa maoni yake. Msaada wa muda mrefu hautegemei kama mtu atapona kabisa au la. Ni namna ya kuishi naye.

Mwaka 1970 aliandika kitabu kwa ajili ya familia. Mwaka 1973, pamoja na chama kilichoanza zamani kwa kupambana na kifua kikuu na kisha kikageukia moyo, alianzisha mpango wa watu wa kujitolea: wanakwenda nyumbani kwa mtu aliyepoteza maneno, wanakaa naye, wanakutana na wengine kwenye vikundi. Chama hicho ndicho tangu 1992 kinaitwa Stroke Association. Ukiona leo kikundi cha kiharusi kwenye ukumbi wa mtaa wenu, chai na biskuti mezani, mizizi yake ni ule mpango wa majirani.

Wodi bila dawa mpya

Basi, madaktari walichelewa kukubali. Kwa miaka mingi mtu wa kiharusi aliwekwa popote penye nafasi. Mwaka 1991, watafiti wa Trondheim, Norwei, walionyesha kwamba wagonjwa waliopelekwa kwenye wodi maalumu ya kiharusi waliishi zaidi, na wengi zaidi walirudi makwao. Mwaka 1993 Peter Langhorne na wenzake walikusanya majaribio 10 yenye wagonjwa 1,586 na kuchapisha kwenye The Lancet. Uwezekano wa kufa katika miezi minne ya kwanza ulipungua kwa asilimia 28 hivi kwa waliohudumiwa kwa utaratibu huo.

Sasa sikilizeni siri yake. Hakukuwa na dawa mpya. Walikuwa daktari, nesi, mtaalamu wa viungo, mtaalamu wa kuongea na kumeza, na mtaalamu wa shughuli za kila siku, wakiongea pamoja kuhusu mtu yule yule, wakimwinua mapema, na wakiishirikisha familia. Ni yale ya Warren, ila safari hii yana namba.

Tangu hapo mipango imeongezeka. Mkakati wa Uingereza wa 2007 ulisema mtu apitiwe hali yake baada ya wiki 6, baada ya miezi 6, kisha kila mwaka. Mwongozo wa NICE wa 2023 unasema anayehitaji utengamao apewe angalau saa 3 kwa siku, siku 5 kwa wiki. Hiyo ni kwenye karatasi. Familia nyingi zinajua kwamba mtu akishavuka mlango wa nyumbani, simu hupungua. Lakini kujua kilichoandikwa ni silaha. Ukipiga simu kwa daktari wa mtaa na kusema "mama yangu hajapitiwa tangu miezi 6 iliyopita", unaongea kuhusu haki. Huombi hisani.

Hai, Dar, na sisi

Tumefika kwetu. Rejista ya kiharusi ya London Kusini, iliyoanza 1995, ilionyesha mapema kwamba Waingereza weusi walipata kiharusi kwa kiwango kama mara mbili ya weupe. Kati ya 2003 na 2006, timu ya Watanzania na Waingereza, ikiongozwa na Dkt. Richard Walker, ilihesabu viharusi wilayani Hai, Kilimanjaro, na kwenye eneo moja la Dar es Salaam. Walipata 636. Baada ya kusawazisha tofauti za umri, Hai ilikuwa na 108.6 kwa kila watu 100,000 kwa mwaka, na Dar 315.9. Dar imezidi hata nchi nyingi tajiri, na presha isiyotibiwa inashukiwa kuwa sababu kubwa.

Utafiti mwingine, wa Gerry Mshana na wenzake, uliochapishwa 2008, uliuliza watu wanaelewaje kiharusi. Hai wengi walitaja presha, mafuta, mawazo mengi. Dar wengi walitaja mashetani na uchawi, na hivyo wengi walianzia kwa mganga. Msikimbilie kucheka. Kitu kinachomwangusha mtu ghafla, kikachukua nusu ya mwili na ulimi wake, kinatafutiwa maelezo popote duniani. Lakini jueni kwamba mzazi wenu anaweza kuwa na maelezo mawili kichwani kwa wakati mmoja, la hospitali na lile lisilosemwa. Ukimsuta, atakubali mbele ya daktari kisha aache vidonge. Ukimsikiliza, utaweza kumwambia: "Sawa mama, dua tutaomba, na vidonge vya presha tutameza."

Lugha ipi inarudi?

Nimeiacha hii mwisho kwa sababu inatuhusu sisi hasa, kizazi cha pili chenye Kiswahili cha kuchechemea.

Kiharusi kikigusa sehemu za lugha, mtu anaweza kupata afasia: akili ipo, lakini maneno hayatoki, au yanatoka yamechanganyika. Mtu mwenye lugha mbili je? Mwaka 1881 Mfaransa Théodule Ribot alisema lugha ya utotoni hudumu zaidi. Mwaka 1895 Albert Pitres, daktari wa Bordeaux, akasema hapana, hurudi kwanza ile mtu aliyokuwa akiitumia zaidi. Leo tunajua hakuna sheria moja. Mara nyingi zote hurudi pamoja, lakini wapo ambao moja hubaki nyuma. Maana yake ni nini? Bibi aliyeishi London miaka 30 anaweza kupimwa kwa Kiingereza na kuonekana hana kitu, kumbe maneno yake yako kwenye Kiswahili.

Kuna jingine. Miaka ya 1870, daktari wa London John Hughlings Jackson alieleza kwamba wagonjwa walioshindwa kutaja hata jina la kikombe waliweza kutamka vitu vilivyozoeleka: salamu, sala, matusi, kuhesabu. Sasa fikirieni lugha yetu. Ni lugha gani nyingine ina salamu iliyopangwa kama ngazi hivi? Unasema "Shikamoo bibi", na kabla hajafikiri, "Marahaba" inaweza kutoka yenyewe. Jumamosi, Jumapili, Jumatatu. Moja, mbili, tatu. Dua ya kula. Wimbo wa taarabu aliousikia ujanani. Haimaanishi amepona, na neno lile lile huenda asilipate dakika moja baadaye. Lakini ni mahali pa kuanzia, na mtaalamu asiyejua Kiswahili hawezi kupaona bila msaada wako.

Kwa hiyo, kazi zenu ni hizi. Ombeni mkalimani hospitalini. NHS inapaswa kumtoa, na si sawa mtoto wa miaka 14 kutafsiri habari za ubongo wa babu yake. Mwambieni mtaalamu wa kuongea lugha zote alizokuwa akitumia, na alizitumia na nani. Rekodini orodha ya maneno yake ya kila siku: chai, ufunguo, simu, majina ya wajukuu. Ongeeni naye taratibu, swali moja moja, mkizima TV. Subirini. Msimmalizie sentensi. Mpeni kijiko ashike mwenyewe hata kama uji utamwagika, ila kuhusu kumeza na kusimama fuateni kwanza maelekezo ya wataalamu, maana kupaliwa na kuanguka si mchezo. Na yule anayemtunza kila siku, ambaye mara nyingi ni binti au mkwe, apewe siku yake ya kupumzika. Eaton Griffith aliwapanga watu kwa zamu, na sisi tuna group la WhatsApp lenye watu 60.

Wengi wenu huwa mnasema mnaona aibu kuongea Kiswahili mbele ya wakubwa kwa sababu mnakosea ngeli. Mzee mwenye afasia naye anakosea ngeli siku hizi. Anatafuta maneno kama nyinyi mnavyotafuta. Kaeni naye nusu saa kila siku, mkikosea pamoja. Valerie hakuwa na cheti wala ruhusa ya mtu alipoanza. Alikuwa na kiti, saa moja mchana, na subira.